Pijo Lililotetemeka Nikiwa Peke Yangu

Watu wa Kirumba walisema mengi juu yangu mwaka ule, na mengine yalikuwa ya kweli. Walisema naringa. Naringa, ndiyo. Walisema sishauriki. Hilo nalo silikatai. Lakini waliposema gari langu halina ubovu wowote, kwamba ubovu umo kichwani mwangu tangu nifiwe na mume, hapo walikosea, na nataka nilieleze jambo lile lote kama lilivyokuwa.

Mimi ni Leonsia. Kwetu ni Kanyigo, kule Bukoba, ila Mwanza nimekaa tangu wakati wa Mwingereza. Mume wangu aliitwa Rugemalira, karani wa kupima pamba kiwandani, mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo. Akikaa kwenye benchi kanisani, aliyekaa mwisho wa pili wa benchi anajua. Mtoto hatukupata. Tulipata gari.

Lilikuwa Pijo la zamani, rangi ya maziwa ya mgando. Alilinunua kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, mwaka uliofuata Uhuru. Alipenda sana kuliendesha, lakini macho yakaanza kuingia ukungu, na siku alipomkanyaga bata wa watu bila kumwona kabisa, alisimamisha gari, akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango wa upande wa usukani.

"Ingia wewe," akasema.

Alinifundisha kwenye uwanja mtupu kule Nyegezi, wiki tatu nzima, na watu wakawa wanakuja kututazama kama wanatazama ngoma ya nyoka. Mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, kitenge kiunoni, anaendesha, na mume mzima amekaa pembeni amekunja mikono. Tangu hapo mimi nikawa kulia kwenye usukani, yeye kushoto. Miaka kumi na miwili. Haoni, lakini kuongoza hakuacha. Kwa heshima ya kwetu tuliitana Ma na Ta.

"Ng'ombe hao, Ma Leonsia."

"Ni kichuguu hicho, Ta Rugemalira."

"Basi kipishe kichuguu."

Meli ya Bukoba ikishusha ndizi, tulikwenda bandarini kuchukua mikungu, tukaipeleka sokoni Kirumba. Siku nyingine tulikwenda Kisesa kufuata mihogo. Gari lilikuwa linanguruma kama paka aliyeshiba, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku nitaliendesha bila mtu wa kunionyesha vichuguu.

Rugemalira alikufa mwezi wa pili mwaka wa sabini na saba, kwa ugonjwa wa tumbo. Tulimpeleka kwao, tukamzika katika shamba la ukoo, kati ya migomba. Ndugu zake walitaka nibaki. Nikasema nina kazi Mwanza. Nikapanda meli, nikarudi.

Siku ya kwanza niliyowasha gari peke yangu, ndipo mtetemo ulipoanza.

Ukienda polepole, hakuna neno. Ukifika maili thelathini, kitu kinaanza chini ya miguu kama nyuki walio ndani ya debe. Kinapanda magotini, kinaingia kiunoni, kinafika kwenye usukani mpaka vidole vinakufa ganzi. Kile kioo cha kutazama nyuma kinacheza, huoni nyuma ila ukungu. Siku moja nilijisikia nasema kwa sauti, "Ng'ombe hao," na walikuwa ng'ombe kweli, na sauti ilitoka imekatikakatika kama ya mtu anayelia. Sikuwa nalia. Lilikuwa gari.

Mwezi wa nne akaja Clavery, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye ukoo ulimweka kuwa mrithi. Si mtu mbaya Clavery. Ni mtu anayependa mambo yakae mahali pake. Jumapili nikaenda misa nikamwacha amelala, amechoka na meli, kumbe hakuchoka sana. Niliporudi nikakuta ametoa funguo kwenye kikombe kabatini, ameliendesha gari peke yake mpaka Igoma na kurudi. Alikuwa amekaa kibarazani anajishika taya.

"Shemeji, lile gari litakuua."

"Halijaniua."

"Meno yangu yamelegea. Hebu tazama." Akafungua mdomo wote.

"Hayo yamelegezwa na pombe yenu ya rubisi, usilisingizie gari."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia ukoo umezungumza. Mwezi wa nane kitafanyika kikao cha kumaliza msiba, na baada ya kikao gari litapandishwa melini liende Bukoba likafanye kazi ya kahawa, na mimi nitalifuata nikakae nyumbani kwa wakubwa.

"Mwanamke asiye na mtoto anabaki mjini kufanya nini?" akauliza, na aliuliza kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. "Gari bovu na mjane peke yake. Mtaishia mtaroni wote wawili."

Kule Bukoba nilipajua. Ningepewa chumba cha nyuma. Ningemenya ndizi za mke wa mtu mwingine, na kila ninapotaka kutoka ningeaga kama msichana. Mwanza nilikuwa na chumba na ukumbi, na nilikuwa na gari, na bila gari nisingepata hata mkungu mmoja wa kuuza. Kwa hiyo mjue, gari likiondoka naondoka na mimi.

"Gari nitalitengeneza," nikasema.

"Na lisipotengenezeka?"

"Litatengenezeka."

Halafu akasema hivi: mwezi wa nane, kabla ya kikao, atakuja tena. Ataliendesha mwenyewe, peke yake, kama alivyofanya siku ile, mpaka Nyegezi na kurudi. Likitulia, yeye mbele ya ukoo atasema Ma Leonsia aachwe na gari lake, na neno la mrithi halipingwi. Likitetemeka, nifunge vitu. Tukapeana mkono. Alipoondoka nikazitia zile funguo kwenye uzi, nikazivaa shingoni. Nikaapa kwamba gari langu halitaendeshwa tena na mtu mimi nikiwa simo ndani.

Nikaenda kwa fundi Ndalahwa. Alikuwa Msukuma mwembamba, mwenye mdomo. Kijiji chao kilihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, yeye akahamia mjini badala ya kuhamia kule walikoonyeshwa. Alikuwa na gereji pale Mabatini: mabati manne, shimo la kuingia chini ya magari, na kalenda ya miaka mitatu iliyopita.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Gari linatetemeka. Nataka plagi mpya."

"Plagi mpya!" Akawageukia watu waliokaa pale. "Mnamsikia mama? Plagi mpya tunazisikia kwenye redio tu. Hizo zako nitazisugua mpaka zisahau umri wao."

Kweli mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse plagi. Akazitoa, akazisugua kwa msasa, akazichoma kwa petroli, akazirudisha. Kisha tukaenda kulijaribu. Mimi nikaendesha, yeye akakaa kushoto kwangu. Tukafika maili thelathini, tukafika arobaini. Kimya. Gari limetulia kama limelala.

"Limepona," akasema.

Nikamshusha Mabatini, nikaelekea nyumbani. Sijafika hata Kirumba, nyuki wamerudi kwenye debe.

Kesho yake nilikuwa kwake tena. Akafungua kabureta, akaisafisha. Tukaenda wawili, kimya. Nikaondoka peke yangu, likatetemeka. Wiki iliyofuata akasema labda ni mipira inayokalia injini. Hiyo nayo haikuwapo popote Mwanza, basi akaichonga mwenyewe kwenye tairi la lori, akaichonga vizuri, siwezi kumsema. Tukaenda wawili, safari hii yeye akiendesha na mimi nimekaa kushoto nimemkazia macho. Kimya. Nilipoendesha peke yangu, hali ikawa ile ile. Tukabadilisha magurudumu, ya mbele yakaenda nyuma. Ile ile.

Akiwasha injini pale gereji alisimama nje, boneti imefunguliwa, anavuta mafuta kwa mkono kwenye kabureta, na hapo nje palisikika injini nzima isiyo na kosa. Kuketi ndani peke yake na kwenda nalo barabarani, hilo alikuwa ameniomba mara mbili.

"Niachie saa moja tu, mama. Nilisikilize mwenyewe."

"Gari langu haliendeshwi mimi nikiwa chini."

"Basi nipite kule chini ya tumbo, niangalie lile bomba la moshi. Naona limefungwa na waya wa robota la pamba."

"Hilo usiliguse. Nimelifunga mimi kwa mkono wangu, na limefungika."

"Haya, mama. Limefungika."

Niliona anawakonyeza wenzake. Na mimi nikajiongezea kiburi juu ya kile nilichokuwa nacho.

Mtaani maneno yakazidi. Jirani yangu Getruda, mjane kama mimi, alikuja jioni moja na mchicha, akakaa, akanishika mkono.

"Dada, huo mtetemo si wa gari. Umo mikononi mwako. Mimi nilipofiwa nilimwaga uji mwezi mzima."

Nilimwambia mchicha wake una mchanga. Akaondoka. Toka siku hiyo hatukusemeshana, na ukuta wetu ni mmoja, namsikia akikohoa.

Mwishoni mwa mwezi wa sita Ndalahwa akafuta mikono, akaniambia bila mzaha, "Mama, hili gari mimi nimelimaliza. Nikizidi kulifungua nitakuwa nakudanganya. Nenda ukapumzike."

"Kwa hiyo na wewe unasema nina wazimu."

"Sijasema wazimu."

"Umesema kapumzike." Nikapanda, nikaondoka, na njia nzima lilinitikisa mpaka kitambaa cha kichwa kikanidondokea machoni.

Usiseme basi rudi tu ukaombe radhi. Mimi sijui kufanya hivyo hata leo. Nilichofanya ni hiki. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimehudhuria kisomo cha watu wazima pale shuleni, kwa hiyo namba nazijua na majina naweza kuyaandika. Nikachukua daftari. Kila safari nikaandika siku, nimekwenda wapi, nimepakia nini, limetetemeka au halikutetemeka. Na zile safari za zamani nilizozikumbuka nikaziandika pia. Baada ya wiki mbili nikakaa mezani nikalisoma lile daftari kwa kidole. Peke yangu, gari tupu: limetetemeka. Peke yangu, mikungu minane nyuma: limetetemeka. Mihogo ya Kisesa nyuma: limetetemeka. Na Ndalahwa: hapana. Na Ndalahwa: hapana. Na katekista niliyempa lifti mpaka Bugando: hapana.

Gari lilikuwa linatetemeka kwa kukosa mtu. Ndivyo daftari lilivyosema. Nikaogopa, nasema kweli. Nikafikiri pengine Getruda hakukosea. Nikanyoosha mikono juu ya meza nikaitazama kama inacheza. Haikucheza.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kile kiti cha kushoto nilikuwa sikiwekei mzigo. Mtu kukaa, sawa, mtu ni mtu. Lakini mzigo hapana, maana msiba ulikuwa haujamalizwa na kile ndicho kiti alichokalia marehemu. Mikungu yote ilikwenda nyuma, na iliyobaki niliirudia.

Siku moja mwezi wa saba, bandarini, nyuma pamejaa pomoni na umebaki mkungu mmoja mkubwa wa ndizi za kupika. Malori nyuma yangu yanapiga honi. Mchukuzi, Mkerewe mmoja mwenye haraka, hakuniuliza. Akafungua mlango wa kushoto, akautupa mkungu juu ya kiti.

"Toa hapo!" nikapiga kelele.

"Mama, nafasi si hiyo hapo? Unamtunzia nani?"

Honi zikazidi. Nikaondoka nimefura, nimejiandaa kusimama mbele kidogo niutoe. Lakini nikafika maili thelathini, na gari likawa limenyamaza.

Soko nilipita kama silioni. Nikaenda mpaka Pasiansi, maili thelathini, thelathini na tano, arobaini. Kimya kabisa. Nikasimamisha pembeni, nikaubeba ule mkungu, nikaulaza kwenye nyasi. Nikaenda mbele kidogo, nikarudi: nyuki. Nikaupandisha: kimya. Nikaushusha tena. Wanawake wawili wenye mizigo ya kuni wakasimama kunitazama.

"Mama, unaitembeza ndizi?"

"Piteni zenu."

Mkungu hauna roho. Mkungu haunifariji. Kama gari linatulia kwa mkungu, basi si huzuni yangu inayolitikisa, ni uzito. Ni kitu cha chuma, na cha chuma kinaonekana.

Nikaupandisha tena, nikaenda moja kwa moja Mabatini. Ndalahwa akasimama aliponiona, hajui kama nimekuja kwa heri. Nikavua uzi shingoni, nikampa funguo.

"Endesha. Peke yako. Nenda mpaka Igoma."

"Peke yangu? Na wewe?"

"Mimi nakaa hapa."

Nikakaa juu ya tairi. Nikamwambia Ndalahwa ashushe kwanza ule mkungu wa kitini, akaushusha, akaondoka. Hakufika Igoma. Nililiona Pijo linarudi mbio na yeye ametoa kichwa dirishani.

"Mama! Linatetemeka!"

"Nilikuambia nini?"

"Linatetemeka kama mashine ya kusaga! Nimeuma ulimi!" Na alikuwa anacheka, mtu mzima, anapiga paa la gari kwa kiganja. "Mama, hukusema uongo hata neno moja!"

Tangu mwezi wa pili sikuwa nimepata mtu wa kukaa na mimi katika jambo lile. Nilitaka kulia pale pale. Badala yake nikamkaripia aache kulipiga gari langu.

Tukalisukuma juu ya shimo. Mimi nikasema nitashuka chini mwenyewe. Akabishana kidogo akaacha. Akawasha injini, akategea kijiti penye kabureta mafuta yavutike, ili iendelee kunguruma kwa nguvu, akaingia akakaa kwenye kiti cha kushoto. Mimi niko shimoni na kurunzi.

Upande ule sakafu ilikuwa imeliwa na kutu zamani, ikawekewa bati. Alipokaa, niliona bati linabonyea, kidogo tu, kama unene wa kidole. Na ule waya wangu, uliofungwa kwenye bati hilo kushika bomba la moshi chini ya kiti, ukalegea.

"Shuka!" nikapiga kelele.

Akashuka. Bati likapanda. Waya ukakazika kama uzi wa zeze, ukavuta bomba juu, ukaanza kuimba. Nikaugusa kwa kidole. Ulikuwa humo wote, ule mtetemo wa miezi mitano, umesimama kwenye ncha ya kidole changu. Injini ilikuwa inatikisa bomba kama injini zote, bomba linatikisa waya, na waya unaitikisa sakafu yote.

"Umeona kitu?" akauliza kutoka juu.

Nilikuwa nalitazama lile fundo. Lilikuwa fundo langu.

Ilikuwa siku ile nampeleka Rugemalira hospitali, tunatoka Kisesa, mvua inanyesha, naye amejikunja kwa maumivu. Ule mpira wa kushikia bomba ukakatika, bomba likadondoka, linakwaruza barabara. Nikasimama. Katika buti alikuwa anaweka nyaya za kufungia marobota, alizileta kutoka kazini, alisema hazikosi kazi. Nikachukua mmoja na plaizi.

"Nishuke nikusaidie?" akauliza.

"Kaa hapo hapo, usiloane."

Nikaingia chini ya gari, matope mpaka masikioni. Nikaupitisha waya, nikausokota kwa plaizi mpaka ukagoma. Yeye akiwa juu yangu, amekaa na uzito wake wote, ananiuliza kama inashika. Nikamwambia inashika. Alikufa siku ya nne.

Basi waya nilikuwa nimeukaza kwa kipimo chake. Alipokuwa amekaa, ulikuwa sawa. Alipoondoka ndipo ukawa mfupi.

"Mama?" Ndalahwa akachungulia shimoni. "Hiyo nani alifunga?"

"Mimi. Mume wangu akiwa amekaa hapo juu."

Akaenda akazima injini. Akarudi, akachuchumaa ukingoni mwa shimo. Kisha akasema, "Niukate?"

"Lete plaizi."

Nikaukata mwenyewe. Ulikuwa mgumu, nilitumia mikono miwili. Ndalahwa akakata ukanda wa mpira kwenye tairi, akautoboa matundu, akanishushia. Alikuwa tayari ameshika mlango, anataka kuingia kukaa ili nipate kupima.

"Toka," nikamwambia. "Kiti kiwe kitupu."

Nikaufunga ule ukanda hivyo, gari likiwa halina mtu. Nikauachia nafasi ya kucheza. Nilipotoka shimoni nilikuwa na mafuta kwenye nywele, na Ndalahwa hakukonyeza mtu wala hakutania. Akanipa tambara safi kuliko yote aliyokuwa nayo. Nami nikamwachia ule mkungu.

Nikaendesha mpaka Nyegezi peke yangu. Thelathini, arobaini, hamsini. Nilidhani nitaimba. Nilikwenda tu barabara yote ile, ziwa liko kulia kwangu baina ya mawe, na gari halikusema kitu.

Clavery alifika mwezi wa nane, siku ya Jumapili asubuhi, na meli, aondoke na meli jioni. Alikunywa chai amesimama. Miaka ile magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kubana petroli, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kupoteza. Saa nne nikampa funguo. Akarekebisha kiti, akanipungia kama anayekwenda mbali, akaondoka.

Nikaweka ndizi jikoni, nikatoka nikasimama barabarani. Nyegezi na kurudi, na mashimo yake yote, ni saa moja. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Watu wanatoka kanisani wananisalimia, nawaitikia bila kuwatazama. Nikafikiri mpira umekatika. Nikafikiri yuko mtaroni. Nikafikiri amelipeleka bandarini moja kwa moja na kulipandisha. Saa saba ikapita. Nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu kichwani vitu vya kufunga: sufuria ngapi, godoro, ile picha ya harusi.

Saa nane kasorobo likatokea. Limejaa vumbi jekundu mpaka vioo. Clavery akashuka polepole, akajinyoosha.

"Umefika wapi?"

"Usagara. Na mbele ya Usagara."

"Tulipatana Nyegezi."

"Nilifika Nyegezi halitetemeki. Nikasema labda linataka mwendo zaidi. Halikutetemeka. Nikasema labda linataka mlima. Nimelipeleka mlimani." Akatikisa kichwa. "Nimeutafuta ule mtetemo, shemeji, kila bonde. Haupo. Ulikuwa nini?"

"Waya."

"Waya tu?"

"Waya tu."

Akaniwekea funguo kiganjani, akanifunga vidole juu yake. "Nitasema mbele ya ukoo. Gari ni la Ma Leonsia, na Ma Leonsia anakaa anapotaka. Hakuna atakayekuuliza."

"Asante, shemeji."

"Lakini nyumba Bukoba ipo. Hili silisemi kwa ajili ya gari. Mke wangu Immaculata mwenyewe amesema njoo." Alikuwa anatazama miguu yake. "Utakula na nani jioni?"

"Nitakula."

"Sikuuliza kama utakula."

Nikamwambia saa zinakwenda na bandari iko mbali, na kwa gari siwezi kumpeleka, polisi watalikamata. Akachukua mfuko wake. Nikamsindikiza kwa miguu mpaka penye njia panda, akasema inatosha, rudi. Nilisimama pale mpaka kofia yake ikapotea kati ya watu, kisha nikarudi. Kwa Getruda mlango ulikuwa wazi, anapepeta mchele, akainua macho. Nilipunguza mwendo. Neno halikuja, nikaingia kwangu.

Ndizi nilizopika zilikuwa za kututosha wawili, na Clavery hakuonja kwa kuogopa kukosa meli. Nikala sehemu yangu mezani. Sehemu yake nikaifunika na sahani, na asubuhi nikaipasha moto, nikaila nimesimama, nikaenda bandarini.